Bibi Harusi Haingoji Mtu

Ofisi inahamia Kilindoni. Watu wa boma wamekwisha kwenda, forodha inafungasha, na mizani yangu ya kupimia mizigo imefungwa kamba, iko pwani inangoja mashua. Mimi sihami. Seti, wakala wa meli aliyeniajiri miaka yote hii hapa Chole, amenipa mkono wa kuagana na saa ya mfukoni yenye mnyororo. Saa haiendi. Nimeitikisa, nimeipuliza, nimeifungua kwa kisu, haiendi, na kwa kuwa kazi nimeacha, nimeona tusisumbuane.

Nyinyi wanangu mnaobaki na dirisha la tikiti mmeniomba niwaandikie machache ya kazi. Nawajua. Mnachotaka ni jibu la lile swali ambalo abiria wote huuliza, wameegemeza viwiko dirishani na sauti wameishusha kama wanaoulizia mchumba: "Karani, hii meli ya ghali, kweli inazidi ile nyingine?" Swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko nilivyoulizwa hali yangu. Nitalijibu, lakini sitaanza na jibu.

Meli zilikuwa mbili, na hata leo ni hizo hizo. Ya kwanza nyeupe tangu juu hadi majini, ina mapazia madirishani, na honi yake ni laini kama sauti ya mtu mwenye haya. Watu wa Chole waliiita Bibi Harusi siku ile ile ilipotia nanga, na jina lake la Kizungu hakuna aliyejisumbua kulishika. Ya pili ni nyeusi. Nasikia zamani ilikuwa na rangi nyingine, lakini abiria wa sitahani wanaruhusiwa kuwasha majiko na kupika, basi moshi ukaimaliza. Hiyo ndiyo Kijungu. Nauli ya Bibi Harusi ni mara tatu ya Kijungu, na zote mbili zinapita bahari moja.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Feruzi, karani aliyenitangulia, mtu mfupi mwenye maneno machache na tumbaku nyingi. Siku yangu ya kwanza nilimkuta amesimama juu ya mizani anajipima. Akaniuliza kama nataka kujua tunauza nini. Nikasema nataka. Basi akawaita wachukuzi wanne na kile kiti chenye mipini miwili. Mnajua pwani yetu maji yakitoka: kutoka nchi kavu hadi kwenye mashua ni tope tupu. Abiria wa Kijungu hukunja kanzu akatembea, abiria wa Bibi Harusi hubebwa kitini juu kwa juu. Nikapandishwa kitini. Wallahi nilijiona liwali. Hatua thelathini hivi, mchukuzi wa mbele akakanyaga pweza, au alisema amekanyaga pweza, na mimi nikaingia topeni kwa kichwa, kanzu yangu mpya na yote. Mzee Feruzi alikuwa kando anatafuna tumbaku yake. "Sasa daraja la kwanza unalijua," akasema. "Kaoge, uje tuandike."

Alinifundisha mengine. Kuitambua meli kwa darubini ingali mbali, moshi mwembamba Bibi Harusi, moshi mzito Kijungu, na upepo ukivuma kutoka huko hata darubini huihitaji, utasikia harufu ya vitunguu. Alinifundisha kumtazama abiria miguuni kabla ya uso. Anayekuja na viatu mkononi ili visichakae njiani, akavivaa mbele ya dirisha letu, huyo mkatie nyeupe bila kumuuliza, maana anachonunua ni kuonekana.

Nami nikiri, nilipenda kukata ile nyeupe. Tikiti ya Kijungu ilikuwa kikaratasi chepesi, wino ukikigusa unasambaa hadi upande wa pili. Ya Bibi Harusi ilikuwa nene, rangi ya buluu, ina nanga ya dhahabu pembeni. Kalamu ilipita juu yake kama kisu kwenye samli. Nilikuwa naandika jina la mtu kwa mikia na vikonyo, Seti ananigutia kutoka ndani, "Shomari, unaandika tikiti au msahafu?" Nikawa nimeshika na maneno ya kuisifu, nayasema bila kupumua: ina daktari, ina magodoro, chakula kimo ndani ya nauli, na kubwa kuliko yote, Bibi Harusi haingoji mtu. Saa ikifika inang'oa nanga.

Kulikuwa na jambo moja sikuwaambia, nao hawakuniuliza. Mimi mwenyewe sikuwa nimesafiri na meli yoyote. Nilikuwa napanda kupeleka orodha ya abiria, nashuka mbio kabla tumbo halijachafuka. Miaka tisa niliwashauri watu juu ya bahari kutoka kwenye kiti cha miguu mitatu.

Wao nao walinisaidia kudanganyika. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye mashamba, babu zake walitoka Omani na hakuacha mtu asahau. Alikwenda Unguja na Bibi Harusi, akarudi anasifu chakula mtaani kote. Sasa mnajua wasafiri wetu: nyama ya melini imechinjwa na nani? Hakuna ajuaye, basi hakuna aulaye. Mpishi mmoja wa humo aliniambia bwana yule alikaa mbele ya kitambaa cheupe akala ndizi mbili, kisha akajifungia chumbani na kikapu cha ng'onda, samaki wakavu, alichotoka nacho nyumbani, mpaka abiria wa chumba cha pili wakalalamikia harufu. Nilipomwuliza ile supu anayoisifu ilikuwa supu ya nini, akafikiri kidogo. "Ya moto," akasema.

Mpaka hapo kazi ilikuwa mchezo. Mchezo uliisha siku aliyokuja Bi Mwanakombo.

Alikuwa mjane wa Baleni, mtu mzima sana, mkavu, mrefu, kilemba cha kanga kichwani. Alikuja na viatu miguuni, vimejaa vumbi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeuza bahari?"

"Nauza tikiti, bibi."

"Haya, niuzie. Nakwenda Makka, Mungu akinipa pumzi."

Mahujaji wa huku huanza kwa kwenda Unguja, na huko meli ya mahujaji huondoka mara moja tu kwa mwaka. Mwaka ule ilikuwa iondoke Jumapili adhuhuri. Bibi Harusi ilikuwa inapita Chole Jumamosi ya wiki iliyotangulia, ingemfikisha kesho yake, akabaki na wiki nzima ya kupumzika. Kijungu ingepita Jumatatu na kufika Unguja Ijumaa, Mungu akipenda na mashine ikipenda. Nikampa maneno yangu yote, daktari, magodoro, chakula. Akasikiliza kwa jicho kali.

"Hiyo nyeupe itanibidi niuze minazi mingine," akasema. "Na mambo yangu sijayamaliza. Nina mtu mmoja bado."

Desturi yetu mnaijua. Aendaye Hija huzunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa kila aliyewahi kumkosea, kwa maana kurudi hakuna ahadi. Bi Mwanakombo alikwisha kumaliza Baleni, akamaliza Kiegeani. Aliyebaki ni Bi Mize wa Ndagoni, mke mwenzake. Mume wao, Mzee Faki, alipofariki, Bi Mwanakombo aliondoka na mbuzi ya kukunia nazi ya Bi Mize, ati mume ndiye aliyeichonga kwa hiyo ni ya wote. Kibao cha mvule na ulimi wa chuma, basi! Wakanuniana miaka kumi na mmoja. Sasa alikuwa amekwenda Ndagoni mara mbili kuomba radhi, na mara mbili amefungiwa mlango.

"Ningepata siku mbili zaidi ningekwenda mara ya tatu," akasema. "Yule namjua. Mara ya tatu hufungua."

Siku mbili. Jumamosi hadi Jumatatu. Zilikuwa pale pale mezani kwangu, kwenye kile kikaratasi chepesi cha wino wa kusambaa. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuichovya kalamu. Nikamwambia, "Bibi, wa Ndagoni unaweza kumpelekea salamu. Meli haipelekewi salamu. Kijungu ikiharibika njiani, Hija imekupita, na mwaka kesho ni mbali."

Akaniangalia usoni. "Wewe ungekuwa unamkatia mama yako, ungemkatia ipi?"

"Nyeupe," nikasema. Jina lake nililiandika vizuri sana, nakumbuka mikia yake.

Jumamosi alikuja na kifurushi na kikapu. Nilipokuwa nafungua kifurushi nikipime, nikakuta ile mbuzi ya nazi imefungwa ndani ya kanga.

"Bibi, hii nayo inakwenda Makka?"

"Hiyo inabaki kwako. Nikishaondoka mpelekee wa Ndagoni." Akageuza uso. "Nikishaondoka, umesikia? Sitaki anione narudisha."

Nikaisukuma chini ya benchi. Maji yalikuwa yametoka, wachukuzi wakaleta kiti. Bi Mwanakombo akakitazama kile kiti na wale wanaume wanne. "Nibebwe na watu wanne?" akasema. "Mimi si maiti, ondoeni jeneza lenu." Akakunja kanga, akaingia topeni kwa miguu yake, na kiti alichokilipia kikamfuata nyuma kitupu mpaka kwenye mashua. Watu walicheka. Mimi nilicheka zaidi.

Mashua haijarudi pwani, akatokea mwanamke mnene anahema, tope magotini, mkononi fimbo. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, kisha akavushwa kwa mtumbwi.

"Yuko wapi?" akasema. "Mimi Mize wa Ndagoni. Yuko wapi yule?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Bibi Harusi ilikuwa inajiandaa kung'oa nanga.

"Mwite! Mwambie ashuke, au mimi nipande. Neno moja tu nalitaka, kisha aende zake."

Nikakimbia, jamani. Nilikimbia kwenye tope lile mpaka kwenye mashua nyingine iliyokuwa inamrudisha melini Mzungu aliyekuja kuchukua karatasi. Nikamwomba dakika chache. Akatoa saa yake, akaitazama, akanionyesha na mimi niitazame. Honi ikalia, laini, kama mwenye haya. Nikarudi pwani kanzu imenilowa hadi kiunoni. Nilitafuta la kumwambia Bi Mize, na lililonitoka ni lile nililolizoea.

"Bibi Harusi haingoji mtu," nikasema.

Hakupiga kelele. Alikaa juu ya benchi, akavuta miguu ndani, kisigino kikagonga kitu. Akainama akatazama. Akaivuta ile mbuzi, akaifuta vumbi kwa kiganja, akauonja ulimi wake kwa kidole gumba. Kisha akalia, kilio cha mtu mzima, bila kujifunika uso.

"Niliwaambia watu sitamsamehe mpaka arudishe," akasema. "Kumbe ameirudisha. Anakwenda nyumba ya Mungu anajua mimi nina kinyongo naye, na kinyongo sina. Akifa huko je?" Akanitazama. "Tikiti ile nani alimkatia?"

"Mimi, bibi."

"Wewe ulimwuzia haraka. Sasa mimi niuzie kuchelewa, na utakuja na mimi. Mimi Unguja siijui."

Jumatatu tukapanda Kijungu, Bi Mize, mbuzi yake, nazi kumi na tano na mimi. Seti alisema karani gani anayesafiri, na kwa kweli hata mimi nilijiuliza. Kabla hatujapita Juani nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya gunia la mtu. Tulisimama Kwale, na pale tulingoja asubuhi nzima kwa sababu abiria mmoja alikuwa anatafuta ndara yake moja. Serahangi, mkuu wa mabaharia, alishuka mwenyewe akamsaidia kuitafuta. Hakuna aliyekasirika. Bi Mize aliweka mbuzi yake sitahani, akakaa juu yake, akakuna nazi, akapika wali, na jioni nusu ya abiria walikuwa wanamwita mama. Mimi aliniletea maji ya nazi kwa kata. "Kunywa, mwuza bahari," akasema. "Leo imekujua."

Tukafika Unguja Ijumaa jioni, na kitu cha kwanza tulichoona ni Bibi Harusi imesimama mbali, nyeupe, safi, na juu yake bendera ya manjano. Nikamwuliza serahangi maana yake.

"Karantini," akasema. "Watu wao wote wamepelekwa kisiwani siku saba."

Habari tukaipata forodhani, na naiandika kama nilivyoipata. Abiria mmoja wa daraja la kwanza aliamka na vipele mwili mzima. Meli ingekuwa haina daktari, angejikuna akashuka. Lakini ilikuwa na daktari, nilikuwa nalisema hilo kila siku dirishani. Daktari akavitazama vipele, akaandika, bendera ikapanda. Siku ya tano ndipo ilipojulikana kuwa ni kunguni. Walitoka kwenye magodoro. Lakini karatasi ilikwisha kuandikwa siku saba, na karatasi ya Mzungu huwezi kuifuta kwa kanzu. Sisi wa Kijungu hatukuwa na daktari, kwa hiyo hatukuwa na ugonjwa, na kunguni hawakuwa na mahali pa kulala. Tuliteremka siku hiyo hiyo.

Siku saba zilikwisha Jumapili asubuhi, na meli ya mahujaji ilikuwa iondoke adhuhuri. Watu wa karantini walikuwa wapelekwe moja kwa moja melini, bila kukanyaga mji. Bi Mize asipomwahi pale ngazini, basi tena. Alfajiri alikuwa amekwisha kupika. Tukakodi mtumbwi, tukakaa karibu na ngazi ya meli ile, jua linatuchoma, Bi Mize amepakata sufuria iliyofungwa kitambaa. Mashua za karantini zikaja moja baada ya nyingine. Kwenye ya tatu nikamwona Bi Mwanakombo, amekonda, macho yameingia ndani. Mashua ikagongana na mtumbwi wetu.

Wakatazamana. Mimi nilitaka kusema kitu, Bi Mize akanikanyaga mguu.

"Nimekusamehe," akasema. "Nawe nisamehe mimi. Nilikufungia mlango mara mbili."

"Nimekusamehe dunia na akhera." Bi Mwanakombo alishika ubao wa mtumbwi kwa mikono miwili. "Umeipata?"

"Nimeipata. Ulimi wake butu! Miaka kumi na mmoja unaitumia huinoi?"

"Sikuitumia hata siku moja," akasema Bi Mwanakombo. "Nilikuwa naona haya."

Hapo wote wawili wakaanza kucheka, na kulia, mabaharia wanawapigia kelele wapande. Bi Mize akamsukumia sufuria. "Kula. Umekaa kwenye meli ya watu matajiri umekufa njaa." Bi Mwanakombo akafungua kitambaa pale pale ngazini, akala tonge la kwanza amesimama, watu wanasubiri nyuma yake. Kisha akaniona mimi. Akatafuna, akameza. Akasema, "Mama yako mkatie nyeusi," akapanda.

Hakurudi. Mahujaji waliporudi mwaka ule walituambia alimaliza Hija yake yote, akaugua siku tatu, akazikwa huko huko. Habari niliipeleka mimi mwenyewe hadi Ndagoni. Bi Mize alikuwa amekalia ile mbuzi. Alisoma Fatiha, akaniambia ninawe nile.

Tangu siku hiyo, wanangu, abiria akiniuliza kama meli ya ghali inastahili, nami humwuliza, "Umebakisha nani hujaagana naye?" Akisema yupo mtu, namkatia Kijungu. Akisema hakuna, namwambia afikiri vizuri, kisha namkatia Kijungu. Wenye viatu mkononi tu ndio niliowaacha waende na nyeupe, maana hao wameagana na wote isipokuwa kioo. Seti alinung'unika sana juu ya zile karatasi za buluu zilizojaa mende kabatini. Sasa mnajua ni kwa nini.

Na mnajua pia kwa nini nimeandika. Mwezi huu nakwenda Hija mimi. Nimezunguka Chole nyumba kwa nyumba, hadi kwa yule mchukuzi wa pweza, ambaye alikiri kuwa pweza hakuwepo. Nyinyi mmetangulia Kilindoni, basi radhi yenu naiombea hapa: kwa makaripio, kwa darubini niliyoificha, kwa siku nilizowaacha dirishani peke yenu nikajidai ninaumwa.

Jana nilimaliza kwa Bi Mize. Siku hizi haoni vizuri, akanijua kwa sauti. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Niliwatenganisha wewe na mwenzio kwa tikiti."

"Umekata ipi?" akauliza.

"Kijungu."

"Basi nimekusamehe. Ungetaja ile nyeupe ningefunga mlango." Akainuka polepole, akaipapasa ile mbuzi, akanikabidhi. Ulimi wake ulikuwa umenolewa. "Chukua. Huko njiani mtakula nini? Ukifika nenda kamsalimie, mwambie sasa inakata."